Makofi ya Kilo kwa Kifungu cha Saba

Serikali ya Nchi Ile inapenda kuwatangazia wananchi wake wote, wapangaji na wenye nyumba, wenye paa na wanaolitafuta, kwamba wana maoni. Maoni hayo yanahusu nyumba za bei nafuu na ulinzi wa mpangaji. Serikali imejiridhisha kuwa maoni hayo yapo, kuwa ni mazuri, na kuwa itafika kuyachukua Jumamosi asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi. Wananchi wanaombwa kuja nayo mapema, yakiwa safi.

Tangazo hilo lilitolewa kwa kipaza sauti kutoka juu ya gari la Wizara, na gari likazimika katikati ya neno "ulinzi", mbele ya nyumba ya Mzee Hilali. Ikabidi wapita njia walisukume. Wapita njia wenyewe walikuwa baba mmoja na wanawe waliotolewa nyumbani asubuhi hiyohiyo. Wakaweka godoro lao juu ya gari ili wapate mikono ya kusukumia. Gari likawaka, likakata kona, likaenda zake na tangazo lake. Na godoro.

Msimulizi wa habari hizi hana ubaya na mtu. Nchi Ile iko mbali sana na kwetu, na lolote litakalofanana na mambo ya hapa, kosa ni la Nchi Ile.

*

Zamani, huko, maoni yalikusanywa kwa sanduku. Sanduku lilitundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya Wizara, juu sana ili lisiibwe, na tundu lake likageuziwa ukutani ili mvua isiingie. Kila mwaka lilifunguliwa kwa sherehe, likakutwa tupu, na Serikali ikawashukuru wananchi kwa kuridhika.

Kisha akatokea mtaalamu mmoja, Bwana Mgeta, aliyegundua kwamba mwananchi anaweza kudanganya kwa mdomo na kwa kalamu, lakini hajawahi kudanganya kwa viganja. Akateuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Makofi. Akapewa mashine ya kupimia kelele iliyostaafu kutoka kiwanda cha mbao, na kanuni ikawekwa: kifungu cha sheria kisomwe mbele ya umma. Kikipigiwa makofi, umma umekikubali. Kikikosa makofi, umma umekikataa. Kuzomea kukapigwa marufuku, kwa sababu sindano ya mashine haikujua tofauti.

Ilikuwa kanuni ya haki kabisa. Mtu ambaye hataki kitu hana haja ya kufanya lolote. Anakaa tu na mikono yake. Wananchi wa Nchi Ile walifurahi sana, maana kukaa na mikono walikuwa wamezoea.

*

Sasa tuje kwenye nyumba ya Mzee Hilali. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja na wapangaji wengi kuliko ndoo. Chumba cha mbele, chenye kibaraza cha kutazama barabara, alipanga Bi Mwanahawa, mkaanga vitumbua. Alfajiri watu walipita kwake kabla ya kupita msikitini au kanisani, na wengine walipita kwake tu. Alikuwa mjane, na alizoea kusema kwamba mume alimzika lakini kibaraza bado anacho. Kwa kibaraza hicho alimsomesha binti wa kaka yake, msichana wa bweni, ambaye katika habari hizi ataitwa Sikudhani.

Mzee Hilali alikuwa akikitamani kibaraza hicho kwa ajili ya duka la simu. Lakini kwa desturi ya mtaa, mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji bila kumpa miezi mitatu na sababu ya maana, na sababu ya maana ndiyo Mzee Hilali aliyokuwa hana.

Ndipo habari za kifungu cha saba zilipovuja. Zilivujishwa na karani mmoja wa Wizara ambaye hakuweza kufunga mdomo penye kitumbua cha moto. Kifungu kilisema hivi: "Mpangaji atalindwa dhidi ya mazoea. Kwa kuwa kukaa nyumba moja kwa muda mrefu humfanya mtu asahau kwamba nyumba si yake, mwenye nyumba ataruhusiwa kumhamisha kwa taarifa ya usiku mmoja, na usiku huo utahesabiwa kuanzia jana."

Bi Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho, akageuza vitumbua vilivyokuwa jikoni, kisha akaita wapangaji uani. Akawaambia kwamba Jumamosi atakaanga toka usiku wa manane, atagawa bure, na kila mtu atakayeingia uwanjani atashika viwili, kimoja kila mkono.

"Mwenye kitumbua kulia na kitumbua kushoto," akasema, "atapiga makofi na nini? Na magoti?"

Watu wakacheka. Aliyeuliza swali la maana alikuwa Mwalimu Mbaruku wa chumba cha nyuma, mzee mstaafu mwenye sauti inayotoka tumboni. Alitaka kujua itakuwaje watu wakivila.

"Hawatavila mpaka kifungu cha mwisho, Mwalimu. Wewe ndiye utawasimamia. Wewe wanakuogopa."

Ni kweli walimwogopa. Mwalimu Mbaruku alikuwa amewafundisha wote, tangu fundi cherehani wa chumba cha tatu mpaka Waziri mwenyewe. Kusoma wengine walikuwa wamesahau, kuandika pia, lakini kulikuwa na somo moja la Mwalimu ambalo hakuna aliyelisahau, nalo ni makofi ya kilo. Kiongozi huita: "Makofi ya kilo! Pasha!" Hapo viganja hupashwa moto kwa kusuguana. Kisha: "Piga!" Yanakuja matatu, kimya, matatu tena, kimya, na mwisho kofi moja la kufungia. Anayeanza hawezi kuishia njiani. Mtu akilikosa lile kofi la mwisho, hata kula hawezi.

*

Sikudhani alikuwa nyumbani kwa likizo. Msimulizi hamjui vizuri msichana huyu, anasimulia alivyosikia. Inasemekana shuleni kwao aliwahi kuivalisha kengele soksi, bweni zima likalala mpaka jua kali, na wasichana wakamwombea dua. Inasemekana pia alikuwa na kipaji cha kutia uso ndani ya ndoo tupu na kutoa sauti ya mwalimu, si mwalimu fulani, bali mwalimu yeyote, ile sauti ambayo mtu akiisikia anaficha kwanza kisha anafikiri alichonacho. Kwa sauti hiyo aliwahi kuwapigisha magoti viranja wakati wa masomo ya jioni. Hakugunduliwa. Jambo la hatari kwa mtoto ni kutogunduliwa mara ya kwanza.

Jumamosi ilipofika, kazi yake ilikuwa kubeba ndoo za vitumbua na kugawa. Aligawa vizuri. Uwanja ulipojaa, hapakuwa na kiganja kitupu isipokuwa jukwaani.

Wizara ilikuja na Nyumba Nafuu ya Mfano, juu ya lori. Ilikuwa ya mbao nyepesi, ina mlango wa kweli na dirisha la kuchorwa. Mtu mzima aliweza kukaa ndani yake, ila akijinyoosha, miguu inatoka nje. Waziri, Mheshimiwa Bashasha, alieleza kuwa miguu hiyo ni kwa ajili ya hewa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nyumba nafuu ni nini? Ni nyumba ambayo mgonjwa akiitazama anapata nafuu. Itazameni. Hii ni ya kwanza kati ya laki moja. Hizo nyingine zimechelewa kwa sababu ya unyenyekevu. Hazikutaka kutangulia mfano wao."

Akangoja makofi. Hayakuja. Akashusha miwani, akaanza kusoma vifungu.

Kifungu cha kwanza hakikupata kitu. Cha pili kilipata chafya moja, na Bwana Mgeta akaandika kwamba kimeungwa mkono kiasi. Cha tatu kilimpa mpangaji haki ya kulalamika, mradi alalamike akiwa ameshahama. Kimya. Cha tano kilimtaka mwenye nyumba azibe paa linalovuja, au amsogeze mpangaji. Kimya. Sindano ya mashine ililala kama mjusi asubuhi ya baridi. Bwana Mgeta akaigonga kwa kidole, akaipuliza, akainamia kuisikiliza. Jasho likamtoka Mheshimiwa. Umma wote ulisimama juani, mafuta yakichuruzika viwikoni, bila mtu kuthubutu kulamba. Mwalimu Mbaruku, aliyekuwa mstari wa mbele kusimamia nidhamu, alikuwa ameshazidiwa na jua, anasinzia wima na vitumbua vyake viwili.

Waziri akakisoma cha saba mpaka mwisho. Kimya.

Kilikuwa kimya kizuri mno. Kilikuwa kimya cha kujivunia, kimya ambacho Bi Mwanahawa alikuwa amekaa jikoni tangu usiku kukikaanga. Naye Sikudhani, aliyekuwa nyuma ya lori na ndoo tupu mkononi, hajawahi katika maisha yake kuvumilia kimya kizuri. Hakufikiri. Alitaka kuona sura ya Mheshimiwa tu. Alitaka watu washtuke, wacheke, kisha waendelee kukataa.

Akatia uso ndani ya ndoo.

"Makofi ya kilo kwa Mheshimiwa! Pasha!"

Viganja vya uwanja mzima vikasuguana. Vitumbua vikasagika. Watu walitazama mikono yao ikifanya hivyo kama wanavyotazama mikono ya jirani.

"Piga!"

Matatu. Kimya. Matatu. Kimya. Na lile la kufungia, pa, zito, lenye mafuta, likaruka mpaka kwenye shati la Bwana Mgeta. Sindano ya mashine ikazunguka ikakatika. Akaiokota, akamwonyesha Waziri, na Waziri akalia machozi ya demokrasia.

Hakuna aliyecheka. Walitazama viganja vyao. Aliyecheka alikuwa mmoja tu, ndani ya ndoo, na kicheko kikazunguka mle ndani kikamrudia masikioni.

*

Mzee Hilali alifika siku ya pili akiwa na adabu isiyo ya kawaida. Alivua kofia. Akamweleza Bi Mwanahawa kwamba yeye binafsi asingeweza kufanya jambo kama hili, lakini wananchi wamesema, na yeye ni nani hata awakaidi wananchi.

"Wananchi gani, kaka?"

"Wewe mwenyewe ulikuwepo, Mwanahawa. Na mikono yako ilikuwa inanuka mafuta."

"Mikono yangu inanuka mafuta tangu nilipojua kuwasha moto."

Lakini taarifa ya usiku mmoja ilihesabiwa kuanzia jana, kwa hiyo usiku wenyewe ulikuwa umeshapita akiwa amelala, na mwenye duka la simu alikuwa mlangoni na makabati yake ya vioo. Bi Mwanahawa alihamisha vyombo kwa shoga yake mtaa wa pili. Karai alilibeba mwenyewe kichwani. Hakutaka kusaidiwa. Alipofika kona alisimama, akageuka kukitazama kibaraza, kisha akaendelea. Sikudhani alitembea nyuma yake na ile ndoo, akiwa hana pa kuyaweka macho yake.

Uani wakaanza kuulizana aliyeita ni nani. Fundi cherehani akasema hilo si la kuuliza, sauti ile wanaijua wote, imewachapa wote. Wakamwendea Mwalimu Mbaruku.

Mwalimu angeweza kukataa. Badala yake alikaa kitako, akafikiri, kama alivyowafundisha wao kufikiri kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nimesinzia," akasema. "Na mimi nikisinzia naota darasa. Niliposhtuka mikono yangu ilikuwa inapiga. Siwezi kuapa kwamba sikuita. Inawezekana ni mimi."

Basi shikamoo zikakatika. Mzee aliyekuwa hawezi kwenda dukani bila kuitikia marahaba mpaka koo likauke, sasa alikwenda na kurudi kimya. Watoto waliagizwa wapite upande wa pili wa njia. Bi Mwanahawa mwenyewe alipokutana naye sokoni alianza kuchagua vitunguu ambavyo hakuwa na haja navyo. Mzee Hilali ndiye pekee aliyemshika mkono, akatangaza kwamba Mwalimu hatahamishwa kamwe, kwa heshima ya sauti yake. Mtaa ukaona hayo ndiyo malipo.

Sikudhani alimwamkia. Alimwamkia kwa nguvu, kila alipomwona, hata mara mbili kwa siku, na kila mara mzee alisimama kabisa, akahamishia fimbo mkono wa kushoto ili ampe ule wa kulia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe peke yako ndiye unayenikumbuka. Shangazi yako amekulea."

Kilichomfanya asiseme ukweli, wanaomjua wanasema, ni hofu tu. Hofu ya shangazi, hofu ya mtaa, na hofu kubwa kuliko zote, ya kwamba kosa lenyewe lilikuwa dogo namna hiyo. Mtu aliyeuza wenzake kwa fedha ana la kujitetea, kwamba fedha ni tamu. Yeye angesema nini? Kwamba palikuwa kimya?

*

Wizara haikuacha jambo lipoe. Ilitangaza kuwa inamtafuta Sauti ya Wananchi, yule mzalendo aliyeuamsha umma, ili imtunuku Nyumba Nafuu ya Mfano. Mtaa ukamtaja Mwalimu Mbaruku, na sherehe ikafanyika uwanja uleule.

Siku hiyo Mwalimu alipanda jukwaani kwa kanzu iliyopigwa pasi. Mheshimiwa Bashasha akamwinamia, akamwamkia. Na hapo, kabla Mwalimu hajaupokea ufunguo wa Nyumba ya Mfano, Sikudhani alisimama katikati ya umati. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani kwamba Mwalimu hana kosa, kwamba aliyeita ni yeye, na ndoo hii hapa. Bwana Mgeta akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane hana maoni, kwa hiyo hawezi kuyaongoza, kwa hiyo makofi yale hayakupigwa. Kifungu cha saba kikafutwa palepale. Watu wakambeba Mwalimu mabegani, shikamoo zikamwagika kama mvua, Mzee Hilali akaomba radhi, na Bi Mwanahawa akarudi kukaanga vitumbua kwenye kibaraza chake hadi

*

Msimulizi anaomba radhi kwa wasomaji. Ukurasa ule haukumalizika kwa sababu ulichanwa.

Mteja alikuja anataka vitumbua vinne vya kufunga, na karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha. Shangazi akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akachana ya juu katika daftari lililokuwa mapajani pangu. Ana tabia ya kusoma karatasi kabla ya kufungia, asije akamfungia mtu barua ya mtu. Akasoma huku vitumbua vinaungua. Mteja akaambiwa arudi baadaye.

"Huyu Sikudhani ni nani?" akauliza.

Nikasema ni msichana wa Nchi Ile.

"Na hiki kibaraza nilichorudi kukaangia kiko wapi?"

Tulitazamana. Ndani ya Nyumba Nafuu ya Mfano watu wawili hawana namna ya kukwepana macho. Yeye alikuwa mlangoni na karai, mimi chini ya dirisha la kuchorwa, miguu yangu nje, kwa ajili ya hewa.

"Mimi nilikuwepo siku ile, Kibibi," akasema. "Nilisimama karibu na wewe. Sikuona mtu akisimama akasema kitu. Nilimwona mzee wa watu anapewa ufunguo ameinamisha kichwa, na sisi tunampa mgongo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu aliteremka peke yake, na kesho yake aliikodia mkokoteni hii Nyumba, akamletea shangazi. Akasema yeye ana chumba na shangazi hana kibaraza, basi. Shangazi aliipokea bila kumshukuru, na tangu siku ile tunakaangia ndani ya zawadi yake.

"Aliyeita ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, shangazi."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Aliepua karai, akakaa, akaitazama ndoo kwa muda mrefu kama mtu anayemtambua mwizi kwa nguo.

"Hata vitunguu nilichagua," akasema, si kwangu. "Nilivichagua kimoja kimoja mpaka akapita."

Kisha akatia vitumbua viwili ndani ya ndoo, vya moto, akaniwekea mkononi. Akaniambia nitangulie, yeye anafunga mlango anakuja, na yeye ana lake la kumwambia.

Njiani nilitunga maneno mazuri. Mimi kutunga najua. Shuleni insha zangu husomwa mbele ya darasa. Niliyatunga mpaka mlangoni kwa Mwalimu, nikabisha hodi.

"Nani?" akauliza kutoka ndani, kwa sauti ya mtu ambaye hagongewi siku hizi.

Maneno yote yakanikimbia. Nikavitoa vitumbua, nikavishika kwa mkono mmoja vikiniunguza, nikatia uso ndani ya ndoo.

"Makofi ya kilo," nikasema, kwa sauti ile. "Pasha."

Nilisikia viganja vikianza kusuguana huko ndani, polepole, kama vya mtu asiyejijua. Kisha vikasimama.

Nikautoa uso kwenye ndoo.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema kwa sauti yangu. "Shikamoo."

Marahaba haikuja upesi. Nikasimama pale, nikaingoja.